Nani Aufungie Wimbo? Mjadala wa Shabiki, Mwalimu na Mzazi juu ya Bongo Fleva

Bongo Fleva ni muziki wa vijana wa mijini uliochipuka Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana walipoanza kughani kwa Kiswahili juu ya midundo iliyotoka Marekani. Saleh J, aliyeutia maneno ya Kiswahili wimbo wa Vanilla Ice mwaka 1991, hutajwa miongoni mwa waliofungua njia. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali, na haikuwa na nafasi kwa watoto wa kapelo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, vingine vikafuata, na muziki uliokuwa ukizunguka kwenye kanda za kurekodiana ukawa wa nchi nzima ndani ya miaka michache. Baadaye kughani kulipisha kuimba, midundo ikalainika, na pembeni yake uswahilini kukazuka singeli, yenye kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika.

Ubishi juu ya muziki huu ni wa zamani kama muziki wenyewe: unaiharibu jamii, au unaisema tu? Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti tatu ambazo hazikosekani kila ubishi huo unapozuka. Shabiki alikua na kanda za mwanzoni mwa miaka ya 2000 na bado anazikumbuka kwa mpangilio wa nyimbo, upande A na upande B. Mwalimu anafundisha fasihi sekondari. Mzazi, ambaye wenzake wanamwita Mama, ana watoto wadogo na simu moja wanayoigombania.

Shabiki ndiye anayeanza, na anaanza kwa sifa. Kwa maoni yake hakuna gazeti lililoisema Tanzania ya miaka ile kama nyimbo zilivyoisema. Mr II, anayejulikana pia kama Sugu, alitoa "Hali Halisi" mwaka 1998, na jina lenyewe lilitosha kueleza shabaha. Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dokta John kutoka Tanga, waliimba "Tanga Kunani" kuuliza mji wa viwanda na bandari umepatwa na nini, kisha wakaimba "Wauguzi" juu ya lugha chafu na rushwa ya wodini. MwanaFA alieleza kwenye "Alikufa kwa Ngoma" jambo ambalo misibani lilisemwa kwa kunong'ona, kwamba marehemu aliugua "kwa muda mrefu", na kila aliyekuwepo akajua ni ugonjwa gani.

Wimbo ambao Shabiki anaukalia zaidi ni "Ndio Mzee" wa Professor Jay. Umejengwa kama mkutano wa kampeni. Mgombea anapanda jukwaani na kumwaga ahadi, kila ahadi ikiipita iliyotangulia, hadi kufikia wanafunzi wa sayansi kwenda kufanyia mazoezi yao mwezini, na baada ya kila ahadi umati unaitikia kwamba ndiyo, mzee. Wengi waliucheka kama kejeli kwa wanasiasa. Shabiki anasema waliosikiliza vizuri walijiona wenyewe humo, kwa sababu mgombea hasemi lolote lisiloitikiwa. Anayechekwa ni yule anayeitikia, na ni yuleyule aliyenunua kanda.

"Mwalimu, nitajie shairi la kitabuni la miaka ile lililofanya hivyo," anasema Shabiki.

Mwalimu hakatai ubora wa wimbo huo. Anachokataa ni hesabu ya Shabiki, kwamba zamani zilikuwepo nyimbo za maana na leo hakuna. Kumbukumbu, anasema, huhifadhi nyimbo kumi na kuzitupa mia tatu. Miaka ileile redio zilijaa nyimbo za mapenzi na za kutambiana ambazo leo hakuna anayezitaja. Pia kuisema jamii kwa wimbo hakukuanza na kizazi cha kanda. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na miongoni mwa nyimbo zake maarufu ni "Kijiti". Kisa chake kilikuwa cha kweli. Mwanamke mgeni aliuawa Unguja, muuaji akatorokea Bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo ulichukua habari ya mahakamani na kuipeleka barazani, ambako hukumu ilijadiliwa upya na watu ambao jaji hakuwauliza.

Kisha Mwalimu anaigusa kanda ya Shabiki mwenyewe. "Wauguzi", anasema, ulikuwa wimbo jasiri uliompiga mtu wa karibu. Hospitali za serikali zilikuwa zimeanza kutoza ada tangu mwaka 1993 chini ya utaratibu wa uchangiaji, dawa zilikuwa haba, na muuguzi mmoja alihudumia wodi nzima kwa mshahara mdogo. Mgonjwa alikutana na muuguzi; hakukutana na aliyepanga bajeti. Wimbo ukafanya alichofanya mgonjwa, ukamgombeza aliyekuwa dirishani. Muuguzi wa nchi hii kwa kawaida ni mwanamke, na Mwalimu anaomba hilo lishikwe, kwa kuwa litarudi.

Shabiki anajitetea kwamba rushwa ni rushwa hata ikiombwa na mwenye njaa. Ni kweli, na Mwalimu hambishii sana. Hata hivyo hoja yake inabaki imesimama: wimbo unaoitwa wa kijamii haujawa wa haki kwa sababu tu umeitwa hivyo.

Mzazi amenyamaza muda mrefu, na anapoingia anaupeleka mjadala mahali pengine. Kwake habari za uchambuzi ni za watu wenye nafasi. Anauliza nani alimwalika mtoto wa miaka mitano kwenye wimbo unaoeleza kitandani kunafanyikaje. Anaeleza mahafali ya chekechea: wazazi wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, watoto wamevalishwa majoho ya bluu, MC anaweka singeli, na watoto wanakata viuno kama walivyoona kwenye simu huku watu wazima wakipiga vigelegele na kuwatunza noti za elfu moja. Walimu wanacheka. Mwaka unaofuata kila mtu analalamika kwamba maadili yameporomoka.

"Mama, huo wimbo haukumtunza mtoto," anasema Shabiki. "Aliyemtunza ni mjomba wake."

"Na mjomba kajifunzia wapi, mwanangu? Si huko huko kwenye huo muziki wako?"

Hapa hoja ya Mzazi ina nguvu kuliko Shabiki anavyotaka kukubali. Wapenzi wa muziki huu wamezoea kusema kwamba msanii ni kioo cha jamii, na wanalisema kama vile kioo hakichagui kinachoonyesha. Video ya muziki inachagua. Kamera inashushwa kiunoni na mtu aliyelipwa kuishusha, gari linakodishwa kwa saa, na wasichana waliojipanga nyuma ya mwimbaji hawana jina wala mstari hata mmoja wa kuimba. Mtoto anayezitazama mia moja za namna hiyo amefundishwa kitu, hata kama hakuna aliyekusudia kumfundisha. Shabiki akitaka "Ndio Mzee" ihesabiwe kuwa ilifungua watu macho, hawezi kudai kwamba nyimbo nyingine hazifanyi lolote machoni.

Kutokana na malalamiko ya aina ya Mama ndipo linapoingia swali la kufungia. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Zanzibar ina baraza lake. Ila tabia ya dola kushika rungu kwa ajili ya adabu ni ya zamani zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ikaanza kutekelezwa Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo wanawake walishashambuliwa hadharani Kariakoo kwa sababu ya mavazi. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Sababu zilizotolewa zingeweza kusomwa leo bila kubadilishwa sana: utamaduni wa kigeni, vijana kupotoka, heshima ya taifa. Mwalimu anakumbusha kwamba vijana wa soul wa mwaka 1969 ndio babu na bibi wanaolalamikia singeli leo, nao hawakuharibika kiasi kilichotabiriwa.

Mzazi anasema mfano huo haumsaidii. Sketi haikuwa na maneno.

Orodha ya karibu ni ndefu zaidi. Mei 2016 serikali iliizuia video ya "Chura" ya Snura kwa namna wachezaji walivyotikisa maungo, na msanii akasimamishwa kufanya maonyesho hadi ajisajili BASATA. Novemba 2018 ilikuwa zamu ya "Mwanza", wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliochezea jina la Nyegezi, eneo la jiji la Mwanza, kwa namna ambayo kila mtu mzima aliielewa. Desemba wawili hao wakaupiga jukwaani Mwanza kwenyewe, mbele ya maelfu walioujua neno kwa neno, nao wakafungiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi. Walipoomba radhi, adhabu iliondolewa Januari 2019. Machi 2024 Zanzibar ilimfungia Zuchu miezi 6 kwa onyesho alilofanya Kendwa. Kendwa ni ufuko wa watalii kaskazini mwa Unguja, na Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa taarab ya mipasho ambayo kwa miongo mingi imesema mambo ya chumbani kwa mafumbo yasiyomficha mtu, harusini, mbele ya mashangazi.

Shabiki anaitumia orodha hii kudai kwamba rungu huwaangukia wanawake kwanza. Anaunganisha sketi za 1968, muuguzi wa Tanga, Snura na Zuchu katika mstari mmoja, na kwa kumalizia anawataja hata wanawake wa kisa cha Kijiti. Ni mstari unaovutia, lakini Mwalimu, ambaye ndiye aliyempa nusu ya mifano, anaukata. "Mwanza" ni wimbo wa wanaume wawili, tena mmoja wao ndiye msanii mwenye jina kubwa kuliko wote nchini, na adhabu yao ilivuka mipaka ya nchi. Kilichobaki, kwa maoni ya Mwalimu, ni kidogo zaidi na kinashikika: mwanamke huadhibiwa kwa mwili wake, mwanamume kwa maneno yake. Mzazi, kwa mshangao wa wote wawili, anakubali hilo bila kusita. Anaongeza kwamba wasichana wa kwenye video za wanaume hawajawahi kufungiwa wala kutetewa na mtu yeyote, wakiwemo mashabiki.

Kesi inayogeuza mjadala ni nyingine. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo uliowasema viongozi na watu maarufu kwa mafumbo mepesi. Polisi wakamkamata mwimbaji mkoani Morogoro, na BASATA ikaufungia wimbo. Siku moja baada ya kukamatwa kwake, Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache ofisini baada ya Nape Nnauye kuondolewa, akatangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo huo, msanii aachiwe, wimbo upigwe, na ikiwezekana uongezewe wengine wanaostahili kusemwa, wakiwemo wakwepa kodi. Ndani ya siku mbili wimbo uleule, bila kubadilishwa neno, ulikuwa uchochezi na baadaye ukawa mchango kwa taifa. Wiki iliyofuata, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio Dar es Salaam, wakaonekana siku chache baadaye wakiwa na majeraha.

Shabiki anasema hapo ndipo neno maadili lilipomtoka moyoni. Ikiwa rungu hilohilo linamshukia Snura kwa kiuno na Nay kwa siasa, basi kiuno kilikuwa kisingizio cha kulichonga.

Mwalimu anaiona hoja hiyo imeruka ngazi. Kufungiwa kwa "Chura" hakukuhitaji njama. Wazazi kama Mama walilalamika kweli, na serikali ikasikia. Kinachomsumbua yeye ni utaratibu. Katika kisa cha "Wapo" hapakuwa na kipimo kilichoandikwa ambacho wimbo ulikivuka Jumapili ukarudi ndani Jumatatu. Palikuwa na mtu aliyeupenda. Mbele ya msanii, anasema, tofauti kati ya sheria isiyo na kipimo na ridhaa ya mkubwa haionekani. Naye Nay hakupona kwa baraka ile: "Amkeni" ya mwaka 2023 na "Nitasema" ya 2024 zilimrudisha mbele ya BASATA.

Mzazi haukatai uchungu huo. Anasema tu kwamba wanaotetea nyimbo za siasa humtumia yeye kama daraja, wakivuka wanamsahau, na wimbo wa matusi unaendelea kupigwa kwenye daladala saa moja asubuhi watoto wakienda shule.

Swali ambalo hakuna kati yao aliyelipenda ni la fedha, ingawa ndilo linaloeleza mengi. Wakati wa kanda msanii alipunjwa na wasambazaji wa Kariakoo, lakini mlaji wake alikuwa mmoja, mnunuzi wa kanda. Siku hizi msanii mkubwa hula kwa matangazo ya kampuni za simu na za kubeti, kwa maonyesho, kwa watazamaji wa YouTube, na kila baada ya miaka mitano kwa kampeni. Kwenye uchaguzi wa mwaka 2020 Diamond aliugeuza wimbo wake "Baba Lao" kuwa wa kumnadi Magufuli, na Harmonize alishamwimbia Rais huyo mapema zaidi. Wimbo wa umati unaoitikia sasa unaimbwa jukwaani kwa mgombea mwenyewe, na safari hii hakuna kejeli. Shabiki anaiona hali hiyo kuwa usaliti. Mwalimu anamuuliza ni lini mara ya mwisho alilipia wimbo.

Shabiki hana jibu zuri, na Mwalimu anaendelea. Kwa zaidi ya miaka kumi, anasema, mashabiki wa Diamond na wa Ali Kiba wamegombana usiku na mchana, timu kwa timu, wakihesabu watazamaji, magari na wachumba. Wasanii waliona kinachofuatiliwa wakatoa kinachofuatiliwa. Aliyelalamika kwamba hakuna tena "Hali Halisi" alikuwa huko akibishana nani kamwacha nani.

Hapo Shabiki anapata pumzi upya kwa kuwageukia wa pembeni. Hali halisi haijaacha kuimbwa, anasema, imehama mtaa. Iko Mbagala, Tandale na Manzese, kwenye singeli za vigodoro, ambako Man Fongo aliweza kuufanya "Hainaga Ushemeji" wimbo wa mwaka 2016, kwa utani juu ya mwiko ambao kila familia inaujua. Kodi ya chumba, mkopo wa kausha damu, mume aliyekimbilia machimboni, mama mkwe: yote yanapita humo kwa kasi ambayo mgeni hashiki hata neno moja. Mwalimu anakubali, na anasikitika kwamba darasani hawezi kuitumia. Somo la Kiswahili linafundisha nyimbo kama kipera cha fasihi simulizi, na mifano inayotolewa ni ya kulima, ya kubembeleza watoto, ya jandoni. Wanafunzi wanaikariri mifano ambayo hawajawahi kuisikia ikiimbwa, kisha wanatoka nje wakiimba fasihi simulizi yao wenyewe ambayo hakuna aliyewafundisha kuipima. Angependa kidato cha tatu waichambue "Chura" na "Ndio Mzee" katika kipindi kimoja: nani anasema, anamwambia nani, nani kalipa. Mzazi anamwambia akifanya hivyo atahamishiwa wilaya nyingine kabla ya muhula kwisha, na wote watatu wanajua hatanii.

Katika mapendekezo, Mzazi anataka saa: nyimbo za watu wazima zipigwe redioni na kwenye runinga usiku, na mabasi ya abiria yafuate utaratibu huohuo. Hataki wimbo ufutwe. Shabiki anasema simu haina usiku. Mzazi anajibu kwamba simu ni yake na ataishughulikia mwenyewe. Asichoweza kukishughulikia ni spika ya konda. Ni ombi dogo, na ni ajabu kwamba katika miaka yote ya kufungia limepata nguvu kidogo kuliko marufuku, labda kwa sababu marufuku hutangazwa mbele ya kamera, na saa za kupiga nyimbo zinahitaji mtu wa kuzifuatilia kila siku.

Shabiki anataka sababu ziandikwe, zitaje mstari au picha iliyokosewa, na msanii awe na mahali pa kukata rufaa pasipokuwa mezani kwa waziri. Mwalimu anaunga mkono, na anaongeza kwamba kwa sasa chombo kinachomsajili msanii, kinachokagua kazi yake na kinachomwadhibu ni kimoja. Kizazi cha Shabiki, anasema, hakiwezi kudai kwamba hakina mtu ndani. Sugu alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 na Professor Jay wa Mikumi kuanzia 2015, wote kwa tiketi ya CHADEMA. MwanaFA, mbunge wa Muheza kwa tiketi ya CCM, aliteuliwa mwaka 2023 kuwa naibu waziri katika wizara inayosimamia BASATA.

Juu ya kutenganisha kazi hizo tatu Mzazi yuko tayari kukubaliana nao kwa sharti moja, kwamba jopo litakalosikiliza rufaa liwe na wazazi na lisijae wasanii na mawakili wao. Shabiki anasema sawa, mradi wawemo na vijana. Mwalimu anauliza ni nani atakayewateua hao wazazi.